Krediti ya Masomo kati ya Sekondari na Chuo cha Afya: Kipi Huhamishwa na Kipi Hurudiwa

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, familia nyingi wilayani Muheza hukabiliwa na swali zito. Kijana aliyefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, na mwenye nia ya kuhudumia wagonjwa, aendelee na kidato cha tano au ajiunge na chuo cha afya? Katika shule za serikali, ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Chuo kinadai ada, sare, vifaa na gharama za kujikimu, lakini humpa mwanafunzi taaluma ndani ya miaka 3. Mzazi anayetegemea mauzo ya machungwa, au iliki na mdalasini kutoka milima ya Amani, hupima njia hizi mbili kwa gharama ya mwaka wa kwanza. Lipo swali jingine ambalo huulizwa mara chache: kijana akianza njia moja kisha akahamia nyingine, ni masomo gani yatakayohesabiwa, na ni yapi atakayolazimika kuyarudia?

Jibu la swali hilo limo katika jambo liitwalo krediti ya masomo. Makala hii inaeleza maana ya krediti, namna nchi nyingine zilivyowawezesha wanafunzi wa sekondari kuanza kujipatia krediti za chuo wakiwa bado shuleni, na hali ilivyo katika mfumo wa Tanzania. Pia inaeleza kwa nini, katika taaluma za afya, si kila kilichofundishwa mapema kinaweza kuhesabiwa. Imeandikwa kwa ajili ya watumishi wa afya, ambao huombwa ushauri na vijana wa jirani na wa ukoo, na kwa ajili ya wagonjwa na jamaa zao, ambao wengi wao ni wazazi wa vijana hao.

Maana ya krediti

Krediti ni kipimo cha kazi ya kujifunza. Katika mfumo wa elimu ya juu wa Tanzania, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo huwa na krediti 120, yaani saa 1,200. Katika saa hizo humo mihadhara, mazoezi ya maabara, mafunzo ya vitendo, kujisomea na mitihani. Shahada ya miaka 3 huwa na krediti zisizopungua 360, na ya miaka 4 huwa na 480.

Saa peke yake hazitoshi kumpa mwanafunzi krediti. Ni lazima awe amepimwa na kufaulu, na kipimo hicho kiwe kimekubaliwa na chuo kinachoipokea krediti. Kwa sababu hiyo krediti yafaa kufahamika kama ahadi yenye pande tatu. Mwanafunzi ameifanya kazi, mwalimu amethibitisha kuwa kazi hiyo imefikia kiwango, na chuo kingine kimekubali kutomrudisha nyuma. Upande mmoja ukikosekana, mwanafunzi hubaki na maarifa yake kichwani, lakini hayampunguzii muda wala ada.

Tarakimu za krediti hazilingani katika nchi zote. Nchini Marekani, shahada nzima ya miaka 4 kwa kawaida huwa na krediti 120, idadi ambayo kwetu ni ya mwaka mmoja tu. Krediti 1 ya huko huchukua takriban saa 45 za kazi katika muhula, darasani na nje ya darasa. Somo la krediti 3 la Marekani hukaribia saa 135, ambazo kwa hesabu yetu ni krediti 13 na kidogo. Anayesoma nyaraka za chuo cha nje hana budi kutazama saa zilizomo nyuma ya tarakimu kabla ya kulinganisha.

Jinsi ushirikiano wa shule na chuo ulivyoanza Marekani

Mfano unaotajwa sana wa wanafunzi wa sekondari kujipatia krediti za chuo ni wa Marekani. Huko zipo njia nne kuu, na kila moja ina namna yake ya kuthibitisha kiwango.

Njia ya kwanza ni ya mtihani. Mpango ujulikanao kama Advanced Placement, ulio chini ya College Board tangu mwaka 1955, humwezesha mwanafunzi kusoma somo la kiwango cha juu shuleni kwake na kufanya mtihani wa kitaifa. Chuo hutazama alama aliyopata, kisha huamua kama kitamhesabia krediti.

Njia ya pili huleta somo la chuo katika darasa la sekondari. Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilianza utaratibu wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwalimu wa sekondari huandaliwa na kuidhinishwa na chuo, hufundisha mtaala wa chuo, na wanafunzi wake hupimwa kwa kiwango cha chuo.

Njia ya tatu humpeleka mwanafunzi chuoni. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 1985 iliyowaruhusu wanafunzi wa madarasa ya mwisho ya sekondari kusoma katika vyuo kwa gharama ya jimbo, na masomo hayo yakahesabiwa pande zote mbili.

Njia ya nne huiweka shule ndani ya chuo. Mwaka 1974 Chuo cha Jamii cha LaGuardia, katika jiji la New York, kilifungua shule ya sekondari katika eneo lake, kwa kuwalenga vijana waliokuwa katika hatari ya kuacha masomo. Kutokana na wazo hilo zilizaliwa baadaye shule ambazo mwanafunzi huweza kuhitimu sekondari akiwa na krediti za mwaka mmoja au hata miwili ya chuo. Tafiti zilizowalinganisha vijana waliopata nafasi katika shule hizo kwa bahati nasibu na wenzao walioikosa zimeonyesha kuwa waliopata waliingia chuoni na kuhitimu kwa kiwango kikubwa zaidi.

Hata hivyo, huko nako zipo kasoro. Krediti iliyotolewa na chuo kimoja si lazima ipokelewe na kingine, na huenda kijana akafika katika chuo alichokitamani akaambiwa kuwa krediti zake zinahesabiwa kama masomo ya hiari tu, si sehemu ya taaluma aliyoichagua. Yaani amesoma na amefaulu, lakini muda wa masomo yake haukupungua.

Hesabu ya miaka 16

Je, utaratibu huo unaweza kuletwa Tanzania kama ulivyo? Kabla ya kujibu, ni vyema kupiga hesabu ndogo. Mwanafunzi wa Marekani husoma miaka 12 ya shule na miaka 4 ya shahada, jumla miaka 16. Mwanafunzi wa Tanzania, kwa muundo uliozoeleka wa miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya kawaida na 2 ya sekondari ya juu, husoma miaka 13 ya shule, kisha shahada ya miaka 3 kwa fani nyingi. Jumla yake nayo ni miaka 16.

Maana ya hesabu hii ni kwamba sehemu ya mambo ambayo Mmarekani huyasoma katika mwaka wake wa kwanza wa chuo, sisi tumeyaweka katika kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi wa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia anaposoma chembe hai, urithi na kemia ya kaboni, anafanya kazi ambayo kwingineko huitwa ya chuo. Ndiyo sababu vyuo vikuu vingi vya Marekani huwahesabia krediti wanafunzi wanaofika wakiwa wamefaulu vizuri mitihani ya A-level ya mfumo wa Uingereza, ambao ndio chimbuko la sekondari yetu ya juu.

Kwa hiyo pengo letu haliko kati ya kidato cha sita na chuo kikuu, kwa kuwa njia hiyo imeungana tayari. Pengo liko kati ya sekondari ya juu na vyuo vya afya vya ngazi ya kati. Sifa za kujiunga na vyuo hivyo zimejengwa juu ya matokeo ya kidato cha nne. Kijana aliyemaliza kidato cha sita bila kupata alama za kuingia chuo kikuu, akiamua kusomea uuguzi au utabibu, mara nyingi hujikuta katika darasa moja la mwaka wa kwanza na mdogo wake aliyemaliza kidato cha nne. Miaka 2 ya Biolojia na Kemia humsaidia kuelewa upesi zaidi, lakini haimpunguzii muhula hata mmoja.

Ngazi za tuzo na milango iliyopo

Elimu ya ufundi na ya taaluma za kati nchini husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Vyuo vya afya vya ngazi ya kati hutoa tuzo kwa ngazi. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ni ngazi ya 5, na wa tatu ni ngazi ya 6, ambayo ni stashahada. Ili kujiunga na uuguzi au utabibu, mwombaji anatakiwa kuwa na ufaulu katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kufaulu Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi.

Faida ya mfumo wa ngazi ni kwamba kila hatua ina thamani yake. Mtu aliyesimama katika ngazi ya 5 kwa sababu ya ada au ya kifamilia hapotezi alichokipata. Anaweza kufanya kazi kwa kiwango cha cheti chake, kisha akarudi kuimalizia stashahada bila kurudia mwaka wa kwanza. Wauguzi wengi wenye cheti wamejiendeleza hivyo, wengine wakiwa kazini. Kwa maana hiyo krediti zinapanda vizuri ndani ya mfumo huu.

Mlango wa pili hutoka stashahada kuingia chuo kikuu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huruhusu mwenye stashahada kuomba shahada bila kupitia kidato cha sita. Kwa shahada ya udaktari, mwenye stashahada ya utabibu anatakiwa kuwa na wastani wa daraja B au GPA isiyopungua 3.0. Pamoja na hayo, awe na angalau alama D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Sharti hili la mwisho huwashangaza wengi. Mtu mwenye stashahada nzuri na uzoefu wa miaka kazini anaweza kuzuiwa na somo moja aliloliacha akiwa na umri wa miaka 16. Kijana anayejua hilo mapema hatalidharau somo la Hisabati.

Inafaa pia kufahamu kuwa mlango huo, kwa kawaida, humwingiza mwenye stashahada katika mwaka wa kwanza wa udaktari. Stashahada yake imehesabiwa kama sifa ya kuingia, lakini haikuhesabiwa kama krediti. Tofauti kati ya mambo haya mawili ni kubwa: sifa hukufungulia mlango, na krediti hukupunguzia safari iliyo mbele yako.

Mlango wa tatu ni mpya. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mkondo wa amali ulianza kwa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule mwezi Januari 2024, hivyo wanafunzi wake wa kwanza wanatarajiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2027. Mwanafunzi wa mkondo huu husoma masomo ya jumla, yanayopimwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), pamoja na fani ya ufundi inayopimwa chini ya NACTVET. Akihitimu, anatarajiwa kuwa na uthibitisho wa pande zote mbili. Huu ndio mfano wa karibu zaidi tulio nao wa kijana wa sekondari kujipatia tuzo ya mafunzo ya ufundi akiwa bado shuleni. Taaluma za uuguzi na utabibu zinaendelea kufundishwa vyuoni, baada ya kidato cha nne.

Hesabu ya kijana mmoja

Tuchukue mfano wa kufikirika wa binti wa Muheza anayetaka kuwa daktari. Akipita kidato cha tano na cha sita, atasoma miaka 2, kisha udaktari miaka 5, na mafunzo kazini kwa vitendo mwaka 1. Tangu kidato cha nne ni miaka 8. Akipita stashahada ya utabibu, atasoma miaka 3, kisha udaktari miaka 5 na mwaka 1 wa vitendo. Ni miaka 9, bila kuhesabu muda wa kufanya kazi katikati.

Kwa kutazama miaka peke yake, kidato cha tano ni njia fupi zaidi. Lakini njia hiyo ina hatari yake: alama za kidato cha sita zikipungua kidogo, binti huyo hubaki bila udaktari na bila taaluma nyingine, na miaka yake 2 haitahesabiwa popote katika chuo cha afya cha kati. Njia ya stashahada huongeza mwaka 1, lakini baada ya miaka 3 humpa kazi ya kumwingizia kipato, hata kama hatafika kwenye udaktari. Kwa familia isiyo na akiba, mwaka huo mmoja wa ziada ni kama bima.

Ada nayo imepata nafuu kidogo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo sayansi za afya. Hata hivyo mkopo ni deni, na kila muhula unaorudiwa bila sababu huliongeza. Hapa ndipo suala la krediti linapogusa mfuko wa familia moja kwa moja.

Kwa nini Muheza ni mahali pa kulitafakari jambo hili

Muheza ni mji mdogo uliokuwa na reli tangu mwaka 1896, lakini kwa upande wa elimu ya afya una utajiri usiopatikana katika wilaya nyingi. Ipo Hospitali Teule ya Mtakatifu Augustino, ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana. Kipo chuo cha afya kinachobeba jina la mtakatifu huyohuyo. Kipo chuo cha Wizara ya Afya cha mafunzo ya udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa. Kipo Kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), chenye historia ndefu ya utafiti wa malaria. Zipo pia shule za sekondari, na huko Magila, kilomita chache kutoka mjini, shule na huduma ya tiba vilianza kukaa jirani tangu enzi za wamisionari wa UMCA katika karne ya 19.

Taasisi hizo zimekaa umbali ambao mwanafunzi anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Hata hivyo kila moja ina wasimamizi wake, mtaala wake na mitihani yake. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma mzunguko wa maisha ya mbu darasani yuko karibu sana na wataalamu wanaomchunguza mbu huyohuyo, lakini hakuna utaratibu wa kuyaunganisha masomo hayo na tuzo yoyote ya chuo.

Je, ni masomo gani yangeweza kuunganishwa bila kuhatarisha kiwango? Mitaala ya mwaka wa kwanza wa vyuo vya afya ina maeneo ya maarifa ya msingi, kama vile muundo na utendaji wa mwili, stadi za mawasiliano, matumizi ya kompyuta, na misingi ya kinga dhidi ya maambukizi. Sehemu ya nadharia ya maeneo haya inaweza kufundishwa popote penye mwalimu aliyeandaliwa na kupimwa kwa mtihani mmoja wa pamoja. Kwa kuwa mitaala ya vyuo vya afya vya kati ni ya kitaifa, krediti ya namna hiyo, iwapo mamlaka zingeikubali, ingetambulika Muheza, Korogwe na Mbeya kwa usawa. Huu ni ubora ambao Marekani, yenye vyuo vinavyojiamulia mitaala, haina.

Mwongozo wa kikanda nao upo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu mwaka 2015, kwa lengo la kurahisisha utambuzi wa masomo kati ya nchi wanachama. Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kuhamisha krediti kati ya vyuo vikuu, na VETA huwapima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Wazo la kuheshimu alichokijua mtu kabla hajaingia darasani si geni nchini mwetu. Halijafika tu katika njia inayotoka sekondari kwenda chuo cha afya.

Mahali ambapo krediti haifai kutangulia

Msomaji ambaye ni mgonjwa ana haki ya kuuliza: kufupisha masomo ya watakaonihudumia, je, hakunihatarishi? Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake linategemea ni kitu gani kilichofupishwa.

Mafunzo ya afya yana sehemu mbili. Ya kwanza ni maarifa. Anayejua kazi ya figo anaijua, awe amejifunza kidato cha sita au chuoni, na kumlazimisha aisome upya hakumfaidii mgonjwa. Sehemu ya pili ni ustadi unaopatikana mbele ya mgonjwa: kupima shinikizo la damu na kuyaamini majibu, kumgeuza mzee aliyelala siku nyingi bila kumwumiza, kutambua kuwa mama aliyejifungua anatoka damu kuliko kawaida, na kumweleza ndugu habari ngumu kwa staha. Ustadi huu huhitaji marudio, usimamizi na muda, na hakuna mtihani wa karatasi unaoweza kusimama mahali pake.

Hata Marekani, ambako vijana wengi wa sekondari husomea kazi ya msaidizi wa muuguzi, sheria ya shirikisho inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, ambazo 16 kati yake ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Ni kiwango cha chini sana ukikilinganisha na saa za mwaka mmoja wa chuo chetu, na msaidizi huyo hufanya kazi chini ya muuguzi aliyesajiliwa. Haitwi muuguzi.

Kwa hiyo kanuni inayofaa ni nyepesi kueleza. Krediti ya mapema inaweza kupunguza marudio ya maarifa, lakini isipunguze saa za wodini. Muhula uliookolewa katika nadharia unaweza hata kuongezwa kwenye vitendo, ili mhitimu atoke akiwa ameona wagonjwa wengi zaidi. Na mwishoni kila mhitimu, kwa njia yoyote aliyopita, apite katika mlango uleule wa usajili. Wauguzi na wakunga husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mabaraza hayo hayamuulizi mwombaji alitumia miaka mingapi peke yake. Hutaka uthibitisho kwamba anastahili kuaminiwa na mgonjwa.

Mgonjwa anayemwona kijana mwenye sare ya mafunzo kando ya kitanda chake ana haki ya kujua huyo ni nani, anasoma nini, na anasimamiwa na nani. Anaweza kukubali au kukataa kuhudumiwa na mwanafunzi, na kukataa kwake hakupaswi kupunguza huduma anayostahili. Mwanafunzi wa sekondari anayetembelea hospitali kujifunza hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa wala kusoma faili lake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada

Mtumishi wa afya anayeombwa ushauri, au mzazi anayetafuta chuo, atasaidika akipata majibu ya maswali yafuatayo, ikiwezekana kwa maandishi.

1. Je, chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET au, kwa chuo kikuu, kuidhinishwa na TCU? Tuzo ya chuo kisichosajiliwa haihamishiki popote.

2. Tuzo itakayotolewa ni ya ngazi ipi? Neno "cheti" peke yake halitoshi, kwa kuwa cheti cha kozi fupi ya miezi mitatu si sawa na cheti cha ngazi ya 5.

3. Mwanafunzi akisimama katikati, atabaki na tuzo gani, na atarudi katika hatua ipi?

4. Masomo aliyofaulu kwingine yatahesabiwa kama sifa ya kuingia, au kama krediti inayopunguza muda? Anayejibu atumie neno moja kati ya haya mawili.

5. Ni somo gani la kidato cha nne litakalohitajika baadaye, iwapo mwanafunzi atataka shahada? Kama alama haitoshi, kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema ni nafuu kuliko kulikumbuka baada ya miaka 10.

6. Mafunzo ya vitendo yatafanyika katika hospitali gani, na kwa muda gani? Chuo kisichoweza kulijibu swali hili kinauza nadharia tu.

Nakala za matokeo, mitaala ya masomo yaliyosomwa na barua za vyuo zihifadhiwe. Mara nyingi mtu hukosa kutambuliwa kwa sababu ameshindwa kuonyesha alisoma nini, ingawa amekisoma kweli.

Hitimisho

Ushirikiano wa shule na chuo unaompa mwanafunzi krediti mapema si njia ya mkato. Ni makubaliano ya awali kati ya wanaofundisha, kwamba jambo lililojifunzwa vizuri mara moja halitalipiwa mara mbili. Tanzania ina sehemu kubwa ya vifaa vya kujenga makubaliano hayo: mitaala ya kitaifa, ngazi za tuzo zinazopandana, na sasa mkondo wa amali unaoziweka mamlaka mbili za upimaji katika shule moja. Sehemu iliyobaki ni daraja kati ya Biolojia ya sekondari ya juu na mwaka wa kwanza wa chuo cha afya, na mji kama Muheza, wenye shule, chuo, hospitali na kituo cha utafiti mahali pamoja, ungefaa kuwa wa kwanza kulijaribu.

Hadi hapo litakapojengwa, ushauri wa manufaa zaidi kwa kijana wa kidato cha nne ni kutochagua njia kwa kutazama mwaka wa kwanza pekee. Aulize kila hatua itamwacha na nini mkononi endapo safari itakatika, na ni kipi atakachoruhusiwa kwenda nacho mbele. Mtumishi wa afya aliye karibu naye, ambaye amezipanda ngazi hizo mwenyewe, ndiye anayefaa kuketi naye na kumfafanulia, kabla fomu za maombi hazijajazwa.